Lubumbashi: Kinga ya lami ni kazi ya mwezi wa nane, si ya mwezi wa kumi na moja

Kila mwaka, mawingu ya kwanza yanapoanza kujikusanya juu ya Lubumbashi, wenye hoteli, shule, makanisa, zahanati na vituo vya esanse hukumbuka uwanja wao wa kuegesha magari. Lami imegeuka kijivu, nyufa zimeonekana, na karibu na lango kuna shimo dogo ambalo mwaka jana halikuwapo. Hapo fundi mwenye pipa lake huitwa mbio. Uwanja hupakwa weusi kwa siku moja, unang'aa kama mpya, na mwenye uwanja hulipa akiwa na furaha. Halafu mvua hunyesha.

Baada ya wiki chache, maji ya rangi ya kahawia yamekwisha kupita kwenye mtaro, weusi umebanduka vipandevipande, na lile shimo limerudi likiwa kubwa kuliko mwanzo. Makuta yamekwenda na kazi haipo.

Wengi husema kwamba dawa yenyewe ni ya uongo. Hapo wanakosea. Kupaka lami tabaka la kinga ni kazi inayofanywa katika nchi nyingi, na ikifanywa vizuri huongezea uwanja miaka ya kuishi. Lakini kazi hii ina majira yake, ina masharti yake, na kuna ugonjwa ambao haiwezi kuuponya. Mwenye kujua mambo hayo matatu hapotezi fedha zake.

Namna lami inavyozeeka

Lami ya barabarani, ambayo wengi huiita gudroni, kwa sehemu kubwa ni mawe. Katika kilo 100 za mchanganyiko huo, karibu kilo 95 ni kokoto na mchanga, na kilo 5 tu ndizo bitumini, yaani ile gundi nyeusi inayotokana na mafuta ya petroli. Uhai wote wa uwanja umo ndani ya hizo kilo 5.

Adui wa kwanza wa gundi hiyo ni jua pamoja na hewa. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, na wakati wa kiangazi mbingu hukaa wazi kwa miezi mfululizo. Saa za mchana, uso wa lami nyeusi unaweza kufika joto la nyuzi 60, hata kama hewa yenyewe haijavuka 33. Bitumini hukauka polepole, hupoteza ulaini wake, na kutoka kuwa gundi inayovutika huwa kitu kigumu kinachovunjika. Dalili ya kwanza ni rangi: nyeusi huwa kijivu. Ya pili ni mchanga na vijiwe vinavyong'oka na kukusanyika pembeni kila asubuhi uwanja unapofagiliwa. Ya tatu ni nyufa nyembamba kama uzi.

Mpaka hapo uwanja bado ni mzima. Magari yanaingia na kutoka, na hakuna anayelalamika. Ndipo adui wa pili anapofika.

Kwa mwaka mmoja Lubumbashi hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000, na karibu yote huanguka kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa nne. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Basi uwanja wa mita 20 kwa 30, ambao ni mita za mraba 600, hupokea zaidi ya lita 600,000 za maji katika msimu mmoja. Yale yanayoteremka hadi mtaroni hayana madhara. Hatari iko katika yale machache yanayopenya kwenye nyufa.

Chini ya lami kuna tabaka la kifusi chekundu kilichoshindiliwa. Kikiwa kikavu, kifusi hicho ni kigumu, na hata kamioni hupita juu yake bila shida. Kikinywa maji, hulegea. Gurudumu linapopita juu ya ufa, maji yaliyo chini husukumwa na kutoka kwa nguvu yakibeba udongo laini. Gari la pili hufanya vilevile, na la mia pia. Polepole panatokea uwazi chini ya lami, kisha siku moja lami inadidimia. Watu husema shimo limezaliwa usiku mmoja, kumbe limechimbwa kutoka chini kwa muda mrefu.

Kile ambacho kinga inafanya

Tabaka la kinga linalopakwa kwenye nyanja za magari kwa kawaida ni emulsioni: bitumini iliyogawanywa kuwa matone madogo sana ndani ya maji, kwa msaada wa kitu kinachofanya kazi kama sabuni. Emulsioni ya kawaida ya barabarani hubeba karibu asilimia 60 ya bitumini, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Ikiwa ndani ya pipa, rangi yake ni ya kahawia. Ikishapakwa, maji huanza kutoka, matone ya bitumini hushikana, na uso mzima hugeuka mweusi. Mgeuko huo wa rangi ndio unaomwambia fundi kwamba dawa imeanza kushika.

Kwa uwanja wa magari, emulsioni huchanganywa na mchanga mwembamba uliooshwa. Mchanga huo una kazi kubwa. Bila mchanga, uso huwa laini kama kioo, na mvua ikinyesha magari na watu huteleza. Katika mji wa milima kama Bukavu, ambako njia nyingi za kuingia nyumbani zina mteremko mkali, kupaka bitumini tupu ni kutafuta ajali.

Tabaka hilo huzuia jua lisikaushe bitumini ya zamani, hufunga vitundu ambamo maji yangeingia, na hulinda uso usimomonyoke. Lakini ni jembamba sana, chini ya milimita 2 hata baada ya kupakwa mara mbili, na haliongezi nguvu yoyote ya kubeba mzigo. Uwanja uliolegea chini utaendelea kudidimia, hata ukipakwa mara kumi.

Kwa sababu hiyo pia, kazi hii haitoshi kwa barabara kubwa zenye kamioni za madini zinazoelekea Kasumbalesa. Barabara za namna hiyo hupata tiba nyingine: bitumini humwagwa kwa gari maalum, kokoto hutawanywa juu yake na kushindiliwa, au lami mpya huongezwa. Kupaka kwa mkono ni kwa nyua za nyumba, hoteli, shule, kanisa, zahanati na ofisi, mahali ambapo magari madogo huenda polepole.

Kwa nini mwezi wa nane

Emulsioni haiwezi kushika mpaka maji yake yatoke. Kwa hiyo inahitaji mambo matatu: joto, ukavu na muda. Kanuni inayofuatwa na watengenezaji wengi ni kwamba hewa na uso wa lami visiwe chini ya nyuzi 10, na mvua isinyeshe kwa saa 24 baada ya kupaka. Magari husubiri saa 24 hadi 48.

Katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kanuni hiyo inachagua miezi yenyewe. Mwezi wa sita na wa saba hakuna mvua, lakini usiku kunaweza kuwa na baridi ya chini ya nyuzi 10. Dawa iliyopakwa saa kumi za jioni hulala mbichi, na asubuhi gari la kwanza huinyofoa. Anayelazimika kufanya kazi wakati huo aanze saa tatu au nne asubuhi, jua likiwa limekwisha kupasha lami, na amalize kabla ya saa nane mchana.

Mwezi wa nane na wa tisa ndio wakati mzuri: joto limerudi na mvua bado. Mwezi wa kumi ni joto kali, lakini mvua za kwanza zinaweza kuanguka jioni yoyote. Mwezi wa kumi na moja ni kubahatisha. Mvua ikipiga emulsioni ambayo haijageuka nyeusi vizuri, huirudisha kuwa maji ya kahawia na kuipeleka mtaroni, kisha mtoni.

Kiangazi nacho kina adui wake, na katika Katanga adui huyo ni vumbi jekundu. Hukaa juu ya lami kama unga, likaingia katika kila tundu. Dawa ikipakwa juu ya vumbi hushika vumbi, haishiki lami, na baada ya miezi michache hubanduka kama ganda la kitunguu. Ufagio peke yake hautoshi. Uwanja unatakiwa kufagiliwa kwa brosi ngumu, kupulizwa kwa kompresa au kuoshwa kwa maji yenye nguvu, kisha kuachwa ukauke kabisa. Penye miti ya jakaranda, maua yanayoanguka mwezi wa tisa na wa kumi yaondolewe asubuhi ileile ya kazi, na magari ya barabara ya udongo iliyo jirani yamwagiwe maji njiani ili vumbi lisiruke.

Miji mingine ina hesabu yake. Bukavu, kiangazi ni kifupi, toka mwezi wa sita hadi wa nane, kwa hiyo mipango inatakiwa kuwa tayari mapema. Kisangani, ambako ikweta iko karibu, hakuna mwezi usio na mvua. Huko fundi hutafuta siku badala ya msimu: huangalia mvua zimekuwa zikianguka saa ngapi wiki hiyo, huanza asubuhi lami ikiwa imekauka, na hugawa uwanja katika vipande vidogo vinavyoweza kukauka kabla ya dhoruba ya jioni.

Kabla ya kufungua pipa

Kazi nyingi huharibika kabla hata tone moja halijamwagwa. Mwenye uwanja anaweza kufanya uchunguzi wa kwanza yeye mwenyewe, bila mashine yoyote.

Amwage maji kidogo juu ya lami kavu. Yakikaa juu kama matone, lami bado ina mafuta yake na inaweza kusubiri. Yakinywewa na kuacha doa jeusi, lami ina kiu, na wakati wa kuikinga umefika. Lami mpya kabisa haipakwi mara moja: huachwa kwa muda wa miezi 6 hadi 12 ili ikomae.

Kisha aangalie nyufa. Zile nyembamba kama uzi hufungwa na dawa yenyewe. Zinazopita nusu sentimita zisafishwe kwa ndani, majani yang'olewe pamoja na mizizi, kisha zijazwe bitumini ya moto au bitumini iliyochanganywa na mchanga, na ziachwe zikauke kabla ya kupaka uwanja mzima. Kupaka juu ya ufa ulio wazi ni kuuficha kwa wiki mbili.

Nyufa zinazokutana na kuchora vipande vidogo kama ngozi ya mamba ni habari nyingine. Zinaonyesha kwamba kifusi cha chini kimekufa. Hapo hakuna dawa ya kupaka. Sehemu hiyo ikatwe kwa pembe nne, udongo uliolowa utolewe, kifusi kipya kishindiliwe, na lami mpya iwekwe. Fundi anayepaka weusi juu ya ngozi ya mamba anajua anachofanya, na anayelipa anatakiwa kujua pia.

Madoa ya esanse, mazutu na mafuta ya injini nayo yanataka kazi. Bitumini ni ndugu yao, kwa hiyo huyeyuka yanapoigusa. Mahali ambapo lami imelainika mpaka kidole kinaingia, ikatwe na kubadilishwa. Mahali ambapo kuna doa tu, pasuguliwe kwa sabuni na kuoshwa. Wenye vituo vya esanse wanafanya vizuri kutumia sementi, badala ya lami, mahali magari yanaposimama kujaza.

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi: maji yanaenda wapi? Siku ya mvua, mwenye uwanja asimame barazani na kutazama. Uwanja mzuri una mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita 1, na mtaro wake hauna chupa za plastiki wala mchanga. Mahali ambapo dimbwi linakaa mpaka kesho yake, kinga haitadumu. Kuzibua mtaro kunagharimu koleo na siku moja ya kazi, na mara nyingi kunaokoa lami zaidi kuliko pipa zima la dawa.

Hesabu ya mapipa

Udanganyifu katika kazi hii hujificha ndani ya maji. Kwa kuwa emulsioni ina maji tayari, ni rahisi kuongeza mengine, na mwenye uwanja haoni tofauti siku ile. Lakini hesabu ni nyepesi. Tabaka moja linataka karibu nusu lita ya dawa iliyochanganywa tayari kwa kila mita ya mraba. Uwanja ule wa mita za mraba 600 unataka lita 300 kwa mkono wa kwanza na lita 300 kwa mkono wa pili, yaani mapipa matatu ya lita 200. Fundi akija na pipa moja na kusema linatosha, ama atapaka nyembamba kama moshi, ama ataongeza maji.

Kuna wanaoongeza mafuta ya taa, na kuna wanaopaka mafuta machafu ya injini ili uwanja ung'ae. Yote mawili huyeyusha bitumini ya zamani badala ya kuilinda. Uwanja huwa mweusi kwa muda, hulainika kwenye jua, huchafua viatu na mazulia ya nyumba, na mvua ikinyesha mafuta hayo huenda moja kwa moja mtoni.

Kupaka kupita kiasi nako ni kosa. Tabaka zito hukauka juu na kubaki bichi ndani, kisha hupasuka. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito, na wa pili husubiri wa kwanza ukauke. Baada ya hapo uwanja huachwa kwa miaka 2 hadi 5, kulingana na jua na magari yanayopita. Anayepaka kila mwaka anajenga maganda.

Moto na sumu

Fundi asiye na emulsioni huyeyusha bitumini ngumu ndani ya pipa juu ya moto wa kuni. Hatari kubwa hapo ni maji. Tone linaloingia katika bitumini ya moto hugeuka mvuke ghafla na kuchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya kwanza. Pipa hufurika na kuruka, na bitumini inayofika mwilini hushika ngozi ikiendelea kuunguza. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi kwa dakika 20 bila kubandua bitumini iliyoshika, kisha apelekwe hospitali. Emulsioni hupakwa bila moto, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kuichagua.

Mwenye uwanja aulize pia dawa imetengenezwa na nini. Baadhi ya dawa za kinga hutumia lami ya makaa ya mawe badala ya bitumini. Inastahimili esanse vizuri, lakini imebeba kemikali zinazosababisha saratani, na vumbi lake huingia nyumbani kupitia viatu na kufika mitoni na mvua. Mji wa Austin, huko Texas nchini Marekani, uliipiga marufuku mwaka 2006, na jimbo la Washington likafuata mwaka 2011. Mahali ambapo watoto hucheza, haifai.

Somo kwa barabara za mji

Kinachotokea katika uwanja wa shule ndicho kinachotokea kwenye barabara za komini, kwa ukubwa mwingine. Nyufa hupuuzwa, mitaro hujaa takataka, maji hupenya, na mwishowe barabara inajengwa upya kutoka chini kwa fedha nyingi mara kadhaa. Katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1994, Benki ya Dunia ilieleza kwamba dola bilioni 12 za matengenezo yaliyofanywa kwa wakati zingeokoa dola bilioni 45 za kujenga upya barabara za Afrika. Congo ilianzisha mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, mwaka 2008, ukilishwa na makato ya mafuta na malipo ya barabarani. Wakaaji wana haki ya kuuliza ni nyufa ngapi zimezibwa kabla mvua haijaanza, na wana wajibu wa kutotupa plastiki katika mtaro ambao kesho watalalamika kwamba umefurika.

Kwa mwenye uwanja mdogo, mpango hauhitaji hotuba. Msimu huu wa mvua, aangalie maji yanasimama wapi na kuandika. Mwezi wa tano, mvua zikiisha, azibue mitaro na kukata sehemu zilizokufa. Mwezi wa saba, azibe nyufa na kuagiza mapipa. Mwezi wa nane, afagie, apake mikono miwili, afunge lango kwa siku mbili na kumwambia mlinzi asimfungulie mtu yeyote mwenye gari, hata awe mkubwa wa namna gani.